Muulize Mwalimu: Usumakuumeme Umenitoa Jasho, Kwanta Nitaiweza?

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi, na nyingi zimetoka huku kwetu: Kisumu, Kakamega, Usenge, Nakuru, Njoro. Karibu zote zinahusu umeme, sumaku na kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo sana kama atomu na elektroni. Nimechagua chache na kuzifupisha. Wale mnaoniuliza jinsi ya kusahihishiwa upya mtihani wa KCSE, mimi si Wizara. Niandikieni kuhusu fizikia.

Mwalimu, habari ya kazi. Niko mwaka wa pili, nasomea ualimu wa fizikia na hesabu katika chuo kimoja hapa Nyanza. Muhula uliopita nilipita usumakuumeme kwa alama 42, na nadhani nilihurumiwa. Fomula zote nazijua. Shida ni kwamba swali likija sijui nitumie ipi. Muhula ujao tunaanza kwanta, na waliotutangulia wanasema huko ndiko watu huzikwa. Nibadilishe kozi mapema?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Usibadilishe kitu bado. Ila usiingie kwanta ukijidanganya kwamba usumakuumeme umeisha kwa sababu umepita. Haujaisha, utakutana nao huko mbele ukiwa umevaa koti jingine.

Unasema fomula zote unazijua. Sawa. Nikikuwekea dainamo ya baiskeli mezani, utaniambia kitakachotokea kabla sijaizungusha? Hapo ndipo mimi humpima mtu. Nenda kwa fundi wa baiskeli hapo hapo Kondele, umwombe Black Mamba ya zamani yenye dainamo. Ipindueni isimame kwa tandiko na usukani. Bana dainamo kwenye tairi, chomoa waya wa taa, zungusha gurudumu la nyuma kwa nguvu, kisha liache. Litazunguka kidogo halafu litasimama, maana msuguano haukosi. Sasa, kabla hujarudisha waya wa taa, toa daftari uandike: safari hii gurudumu litasimama mapema, litachelewa, au ni mamoja? Na kwa nini? Andika kwa kalamu, si kwa penseli. Kisha rudisha waya, zungusha kwa nguvu ile ile.

Taa itawaka, na gurudumu litasimama upesi zaidi. Ukishika kanyagio kwa mkono utahisi limekuwa zito. Ndani ya ile chupa ya dainamo kuna sumaku inayozunguka karibu na koili ya waya wa shaba. Uga wa sumaku unaopita kwenye koili unabadilika kila mara, na Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba uga unaobadilika huzaa volti. Waya ukiwa umechomolewa, volti ipo lakini mkondo haupiti. Waya ukirudi, mkondo unapita, na mkondo huo nao unazaa uga wake wa sumaku unaopinga yale mabadiliko yaliyouzaa. Hiyo ndiyo kanuni ya Lenz, ile alama ya kutoa mnayoiandika mbele ya mlinganyo bila kuuliza imetoka wapi. Dainamo ya kawaida ni ya volti 6 na wati 3, yaani nusu ampea. Wati hizo 3 haziokotwi barabarani, anayezilipa ni mwenye kukanyaga.

Mtu aliyeandika utabiri wake kwenye daftari, akashika kanyagio, hatababaika tena akiona koili kwenye karatasi ya mtihani. Ataanza kwa kujiuliza ni nini kinachobadilika, na fomula itajileta yenyewe. Kwa hiyo kila swali la likizo hii lifanye hivi: chora kwanza, tabiri kwa maneno, kisha ndipo ushike kikokotoo. Kwa kanuni ya Gauss, ile inayounganisha uga wa umeme na chaji iliyozingirwa, ni vivyo hivyo. Chora chaji, chora mistari ya uga, jiulize kama picha itabaki ile ile ukiigeuza. Ikibaki, Gauss atakutoa kwa mistari miwili. Isipobaki, kanuni ya Gauss bado ni ya kweli, lakini haitakufaa kitu hapo, itabidi ujumlishe vipande kimoja kimoja. Nimesahihisha karatasi nyingi za watu wasiojua kwamba jambo linaweza kuwa la kweli na bado lisikusaidie.

Na usione haya kuchora. Faraday alianza kama mwanagenzi wa fundi wa kujalidi vitabu jijini London, na hesabu yake ilikuwa ndogo kuliko yako. Mistari ya uga unayoiona kitabuni ilitoka kichwani mwake. Aliyeigeuza ikawa hesabu ni James Clerk Maxwell. Makala yake ya 1865 ilikuwa na milinganyo 20. Hii minne unayoikariri usiku ilikuja kupangwa miaka ya 1880 na Oliver Heaviside, mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 16. Sisemi uache shule.

Kuna hesabu moja nataka uifanye leo kabla hujalala. Chukua zile namba mbili zisizobadilika wanazokupa kwenye karatasi ya mtihani: 8.854 × 10⁻¹² ya upande wa umeme, na 1.257 × 10⁻⁶ ya upande wa sumaku. Zizidishe, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 1 kwa jibu lako. Utapata karibu mita milioni 300 kwa sekunde. Ni namba za mambo ya mezani, chaji kwenye bamba mbili za chuma na mkondo kwenye koili, wala taa haijawashwa popote, lakini zinakupa kasi ya mwanga! Maxwell alitumia vipimo vya Weber na Kohlrausch vya 1856 akapata kilomita 310,740 kwa sekunde. Fizeau alikuwa amepima mwanga wenyewe mwaka 1849 akapata karibu 315,000. Maxwell akakataa kuamini kwamba hiyo ni bahati nasibu, akasema mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Kila nilipofikia hapo darasani nilikuwa nafunga kitabu na kunyamaza kidogo. Wengine walidhani nimekasirika.

Haya, kwanta. Wanaozikwa huko, wengi wao walikuwa wamekufa zamani kwenye mawimbi, kwanta ilichimba kaburi tu.

Swali la kwanza utakalopewa ni la elektroni iliyofungiwa kisandukuni. Wewe ni wa Kisumu, nyatiti umeiona ikipigwa. Uzi umefungwa ncha zote mbili, kwa hiyo hauwezi kutetema utakavyo. Ama nusu-wimbi moja iingie kamili, ama mbili, ama tatu, basi. Mlinganyo alioutoa Schrödinger mwaka 1926 unaibana elektroni kwa sharti hilo hilo: wimbi lake lazima lifike sifuri kwenye kila ukuta. Hesabu ni ile ile ya uzi, na ni ndugu ya ile ya wimbi la redio ndani ya boksi la chuma, ambayo bila shaka uliiruka muhula uliopita kwa sababu ilikuwa mwisho wa kitabu. Irudie. Hiyo sura moja ni nusu ya muhula wako ujao.

Tofauti iko mahali pamoja, na hapo wengi huteleza. Masafa ya uzi, yaani mitetemo yake kwa sekunde, hupanda kwa 1, 2, 3. Nishati za elektroni hupanda kwa 1, 4, 9, kwa sababu nishati hufuata mraba wa mwendo. Kisanduku chenye upana wa nanomita 1 kinakupa ngazi ya kwanza ya elektronivolti 0.38 (hicho ni kipimo kidogo cha nishati) na ya pili ya 1.50. Elektroni ikishuka kutoka ya pili hadi ya kwanza inatoa karibu 1.13, mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Punguza upana uwe nanomita 0.7, pengo linafika 2.3, na huo ni mwanga wa kijani. Umebadilisha upana tu, elektroni ni ile ile. Usiniamini mimi, piga hesabu. Jambo la namna hii ndilo linalofanya vidoti vya kwanta, vile vichembe vya semikondakta, kubadili rangi kwa ukubwa wake tu. Bawendi, Brus na Yekimov walipewa Nobel ya kemia mwaka 2023 kwa kazi hiyo.

Basi likizo yako igawe hivi: mawimbi kwanza, kisha namba changamano, na karatasi za mitihani ya nyuma ziguse mwisho kabisa. Najua mnaanza nazo, na ndiyo sababu fomula mnazijua zote na hamjui mtumie ipi. Kama una intaneti ya bando, PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado ina maigizo ya bure ya nyuga na mawimbi. Mengi unaweza kuyapakua siku moja ukayatumia bila mtandao baadaye.

Mwalimu, hapa Nakuru kuna jamaa anauza bangili za "nguvu ya kwanta" sokoni. Eti zinazuia mionzi ya simu na kutoa maumivu ya mgongo. Mama mkwe anataka nimnunulie. Ni kweli?
*Mkazi wa Kaptembwo, Nakuru*

Si kweli. Kila kitu kina kwanta ndani yake: bangili, mkono, hata noti utakayompa huyo jamaa. Mawimbi ya simu ni ya redio. Fotoni moja, yaani kifurushi kimoja cha wimbi, ya gigahezi 2 ina nishati ya karibu elektronivolti 0.000008, wakati kuvunja kifungo cha kemikali mwilini kunahitaji elektronivolti kadhaa nzima. Na hata kama mawimbi hayo yangekuwa na madhara, bangili ya mkononi ingeyazuiaje yakiwa sikioni?

Jambo moja la kukusaidia kwenye mazungumzo na mama: mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia na mionzi ya Uholanzi ilipima vidani na bangili za aina hii zilizodaiwa kukinga mionzi, ikakuta vyenyewe vinatoa mionzi, ikawaambia watu waache kuvivaa. Mama mkwe ni heshima, nakuelewa. Mnunulie leso nzuri, na mgongo upelekwe kliniki.

Mwalimu, sisi ni wasichana wa Kidato cha Nne, Kakamega. Kitabu kinasema mwanga hafifu wa urujuanimno (ultraviolet) unang'oa elektroni kwenye zinki, lakini mwanga mwekundu hata uwe mkali vipi haung'oi hata moja. Kwani taa nyekundu ikiwaka kutwa, nishati haijumlishwi? Tumeuliza darasani tukaambiwa tukariri hivyo hivyo.
*Kikundi cha masomo, Kakamega*

Swali lenu ni bora kuliko jibu mlilopewa. Ndilo lililowasumbua wakubwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa fikra za Maxwell mngekuwa sahihi kabisa: wimbi linamwaga nishati mfululizo, elektroni inakusanya, siku ikijaa inatoka. Lakini mwaka 1902 Philipp Lenard alikuta kwamba kuongeza ukali wa mwanga hakuongezi nishati ya kila elektroni inayotoka. Mwaka 1905 Einstein akasema mwanga unafika kwa vifurushi, na elektroni inapokea kifurushi kimoja au haipokei.

Chukueni namba. Kung'oa elektroni kwenye zinki kunahitaji karibu elektronivolti 4.3. Nishati ya fotoni mtaipata upesi kwa kugawanya 1240 kwa urefu wa wimbi uliopimwa kwa nanomita. Nyekundu ya 650 inatoa 1.9, haifikii hata nusu. Taa ya zebaki inatoa urujuanimno wa 254, yaani 4.9. Hiyo inatosha, na 0.6 inayobaki ndiyo elektroni inayoondoka nayo, ikizidi sana. Mwangaza mkali zaidi maana yake ni fotoni nyingi zaidi, na kila moja bado ni ile ile ya 1.9.

Kuhusu kujumlisha: elektroni iliyopigwa na fotoni nyekundu hupoteza nishati hiyo kwa wenzake ndani ya chuma kabla ya fotoni nyingine kuifikia. Kwa taa ya kawaida, kupokea mbili kwa mpigo ni jambo lisilotarajiwa. Kwa leza yenye nguvu nyingi sana hutokea, kwa hiyo hamkuwa wajinga. Ila msiliandike hilo kwenye KCSE, mtahini hana nafasi yake kwenye mwongozo. Andikeni hivi: ukali ukiongezeka, elektroni zinazotoka kwa sekunde huongezeka, nishati ya juu kabisa ya kila moja haibadiliki. Masafa yakiongezeka, nishati hiyo huongezeka.

Kama shule ina elektroskopu, kile chombo cha kuonyesha chaji, na taa ya urujuanimno, mwombeni mwalimu awaonyeshe. Kipande cha zinki kisuguliwe kwa msasa hadi king'ae, maana kutu yake nyeupe huharibu kila kitu. Elektroskopu ipewe chaji hasi. Washeni taa, ile karatasi nyembamba ya dhahabu itashuka. Halafu wekeni kioo cha kawaida cha dirisha katikati ya taa na zinki, chaji ikiwa imerudishwa. Mwanga wa buluu mnaouona bado unapita, lakini karatasi inakwama palepale. Msiitazame taa hiyo moja kwa moja, macho hayana spea.

Robert Millikan, Mmarekani, hakuamini maneno ya Einstein na alitumia karibu miaka kumi akiyapima. Mwaka 1916 alichapisha matokeo, na mlinganyo wa Einstein ukawa umesimama. Nobel ya Einstein ya 1921 ilitajwa kwa kazi hii, wala si kwa ile ya relativiti ambayo kila mtu humsifia.

Mwalimu, mimi ni mvuvi wa omena hapa Usenge. Binti yangu yuko Gredi ya 10, amechagua mkondo wa STEM, na kila jioni ni habari za kwanta. Karo nalipa kwa taabu. Niambie ukweli, hii kitu italeta chakula?
*Baba mzazi, Usenge, Siaya*

Mzee wangu, pokea heshima zangu. Nianze na taa yako. Zamani mlitoka usiku na karabai ya mafuta, leo wengi wenu mnatoka na taa za LED na betri ya sola. Ndani ya ile LED kuna kipande cha semikondakta kidogo kuliko punje ya mchele. Elektroni inashuka kutoka ngazi ya juu ya nishati hadi ya chini, na tofauti inatoka kama mwanga, jambo lile lile binti yako analokusimulia jioni. Nyekundu na kijani zilipatikana mapema. Buluu iliwatesa watu miongo mitatu, hadi Akasaki, Amano na Nakamura walipoiweza kwa galiamu nitraidi, wakapewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Taa yako nyeupe ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa njano. Mwambie binti akueleze kwa nini buluu na njano zinaonekana nyeupe. Akishindwa, arudi kitabuni.

Sasa ukweli ulioniomba. Digrii ya fizikia peke yake, bila kushikana na ufundi mwingine, hapa Kenya bado humwacha mtu akisubiri sana nje ya ualimu. Fizikia iliyoshikana na kitu inalisha. Kuna umeme wa jotoardhi kule Olkaria na Menengai, upande wa Nakuru. Kuna Sondu-Miriu hapa karibu, mtambo wa maji wa megawati 60. Kuna kazi za fizikia ya tiba hospitalini: mashine ya MRI ya kawaida ina sumaku ya tesla 1.5, zaidi ya mara elfu arobaini ya uga wa sumaku wa dunia hapa kwetu, na inafanya kazi kwa kuzungumza na protoni za maji mwilini kwa lugha ya kwanta. Mashine kama hizo zinahitaji watu wanaoelewa kilicho ndani, si wa kubonyeza tu.

Kwa hiyo mwache aendelee, lakini hesabu asiilegeze, na mkifika wakati wa kuchagua kozi ya chuo aulize kwanza mwishoni atakuwa nani: mhandisi, mtaalamu wa mionzi, mwalimu? Hilo nalo si la kumwachia mtoto peke yake.

Mwalimu, toleo lililopita uliandika kwamba hakuna elimu yenye vipimo vya uhakika kama fizikia. Mbona Heisenberg alisema hakuna uhakika?
*Mwanafunzi wa theolojia, Kisumu*

Hakusema hivyo. Alichosema mwaka 1927 ni kwamba huwezi kuwa na mahali pa chembe na mwendo wake vyote viwili kwa usahihi upendao, na mpaka huo una namba yake kamili. Kwanta hiyo hiyo inatabiri nguvu ya usumaku wa elektroni, na utabiri na kipimo vinakubaliana hadi kwenye sehemu moja hivi kwa trilioni. Nitajie elimu nyingine yenye mapatano kama hayo. Na tafadhali, Heisenberg umwondoe kwenye mahubiri.

Mwalimu, niko Njoro, najisomea nikisubiri kujiunga na chuo. Sina maabara. Kuna jaribio lolote la kwanta naweza kulifanya nyumbani bila pesa nyingi?
*Msomaji, Njoro*

Lipo, na nalipenda kuliko yote: kupima namba ya Planck kwa LED. Hiyo ndiyo namba ambayo ukiizidisha kwa masafa ya mwanga unapata nishati ya fotoni moja. Nenda Nakuru kwenye maduka ya spea za redio, ununue LED nyekundu, njano, kijani na buluu, zile ndogo za miguu miwili, na rezista ya omu 330. Usichukue nyeupe, nimeshamweleza mzee wa Usenge kwa nini. Kwa fundi wa redio omba volyumu iliyotolewa kwenye redio mbovu, na mita ya kupimia umeme uazime, maana hiyo ndiyo ghali. Mawe matatu ya tochi yatakupa volti 4.5.

Ncha mbili za pembeni za volyumu zifunge kwenye mawe. Mguu wa katikati uende kwenye rezista, kutoka hapo hadi mguu mrefu wa LED, na mguu mfupi urudi upande hasi wa mawe. Mita ishike miguu ya LED yenyewe, isishike mawe, hapo watu hukosea. Kunja karatasi nyeusi iwe mrija, ivalishe LED, funga mapazia, uchungulie kwenye mrija huku ukizungusha volyumu polepole sana kutoka sifuri. Pale tu utakapoona nukta ya mwanga, simama, soma volti. Rudia rangi ile ile mara kadhaa, kwa sababu jicho lako litabadilika likizoea giza. Nyekundu itakuja mwanzo, karibu 1.6 hadi 1.8. Buluu itachelewa hadi karibu 2.4 au zaidi.

Kisha grafu. Volti juu, masafa chini. Nyekundu ya nanomita 630 ni 4.76 × 10¹⁴, njano ya 590 ni 5.08, kijani ya 525 ni 5.71, buluu ya 470 ni 6.38. Angalia kijani kwa makini. Zile za aina ya zamani zina rangi inayoelekea njano, urefu wake wa wimbi ni karibu 565, na ukiziandika 525 nukta hiyo itakaa nje ya mstari na utalaumu mawe. Chora mstari ulionyooka unaopita vizuri kati ya nukta, tafuta mteremko wake, uzidishe kwa chaji ya elektroni, 1.6 × 10⁻¹⁹. Tuseme nyekundu imekupa 1.7 na buluu 2.4: mteremko ni 4.3 × 10⁻¹⁵, na jibu ni karibu 6.9 × 10⁻³⁴. Thamani yenyewe ni karibu 6.626 × 10⁻³⁴.

Usitumie nukta moja tu kugawanya volti kwa masafa. Volti ya kuanza kuwaka si sawa kabisa na pengo la nishati ndani ya LED, jicho nalo lina uvivu wake. Kosa hilo likiwa karibu sawa kwa rangi zote, mteremko hauguswi sana, na hiyo ndiyo faida ya kuchora grafu. Tena ujue kwamba tangu Mei 2019 namba ya Planck imepewa thamani isiyobadilika, na kilo yenyewe inafafanuliwa kwa kuitumia, kwa hiyo jibu lako likiwa mbali, ujue tatizo ni la LED, la mita au la jicho.

Ukimaliza, nitumie picha ya grafu pamoja na jedwali la vipimo vyote, hata vile vilivyoharibika, na uniandikie mita ilikuwa ya aina gani. Jibu lenyewe peke yake usinitumie, hilo ninalo.